Kidole cha Mama na Ufunguo wa Beni

Kwetu huhitaji kuwa mganga ili ujue jina la mtu. Ukiambiwa kwamba mwanamke fulani ni msichana wa tatu kwa mama yake, umemaliza. Majina ya uzazi yamepangwa tangu enzi za mababu, wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na milima yote ya kwetu inayajua. Basi mama yangu, msichana wa tatu, alipoambiwa achague neno la siri la kufungulia daftari la darasa lake kwenye mtandao, alichagua nini? Jina lake. Hakuongeza hata nambari moja.

Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu vyake mwenyewe.

"Niandike jina ya nani sasa?" alisema. "Yangu njo najua kuandika muzuri."

Mimi nina sekretariati ndogo mjini Butembo: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na mlango unaotazama barabara ya pikipiki. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mialiko ya arusi na kazi za wanafunzi, nami nachapa, natoa, nabana. Hasira zangu ziko karibu, wateja wanajua. Mtu akiniambia amesahau neno lake la siri mara ya tatu katika wiki moja, naweza kumfukuza pamoja na kiti alichokalia. Lakini kwa mama sikuwa na la kusema, maana mama hakulisahau neno lake hata siku moja. Shida ni kwamba wengine pia hawakulisahau.

Mama anaishi Musienene. Analima maharagwe na viazi, na alasiri mbili kila wiki anawafundisha wanawake wenzake kusoma na kuandika katika chumba cha nyuma cha kanisa letu. Yeye mwenyewe alijifunza ukubwani, katika chumba hichohicho, akiwa tayari mama wa watoto watano. Sasa anaitwa Mwalimu, na ukimwita kwa jina lingine mbele ya wanafunzi wake anaweza asisikie. Ofisi inayosimamia madarasa hayo iko Beni, na ndiyo iliyoamua kwamba madaftari ya mahudhurio yawekwe kwenye mtandao, kila mwalimu na simu yake, kila mwalimu na neno lake la siri.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wakati wa kuvuna maharagwe, mwanafunzi mmoja wa mama, mwanamke mcheshi anayeimba sauti ya pili katika kwaya, hakuonekana darasani wiki tatu nzima. Lakini daftari la Beni lilisema yupo. Kila siku yupo. Mama aliuliza huku na kule, mwisho yule mama wa kwaya akakiri mwenyewe huku akijifuta machozi ya kicheko. Alikuwa amechukua simu ya mume wake, akafungua ukurasa, akaandika jina la mama yangu penye jina, akaliandika tena penye neno la siri, kisha akajiwekea alama.

"Mi nilikuwa najaribu tu kama najua kuandika, Mwalimu," alisema. "Mais ikafunguka!"

Mama alikasirika siku moja nzima. Siku ya pili alinipigia simu, nikasikia kwa sauti yake kwamba hasira imegeuka kitu kingine.

"Aliandika bila kosa hata moja," aliniambia. "Mara mbili! Unajua ule mama alikuwa anageuza herufi kichwa chini mpaka juzi?"

Nilicheka mpaka mteja mmoja akaacha fotokopi zake akaja kuuliza kuna nini.

Inaonekana Musienene haikuwa peke yake. Nadhani walimu wote walikuwa wasichana wa kwanza, wa tatu na wa tano, na maneno ya siri yalikuwa yaleyale, maana muda si mrefu ofisi ya Beni ilituma ujumbe wa sauti. Niliusikia nikiwa kwa mama, siku ya soko, tumekaa uani tunachambua maharagwe kwenye lungo. Aliyesema ni katibu wa ofisi, bwana mpole wa makamo ambaye hata akikemea utadhani anaomba radhi, na alianza kwa salamu ya kwetu.

"Bamama bapenzi, mwavukire. Mot de passe inaisha. Hakuna kuandika tena. Sasa kila mutu atakuwa na clé yake, ni ufunguo, ndani ya simu, donc kazi iko mwepesi: munaweka kidole, inafunguka. Bamama, ni kidole tu!"

Mama aliacha kuchambua. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaizima simu, akaisukuma chini ya lungo.

"Mi hapana weka kidole," alisema.

Hapa ni lazima nirudi nyuma kidogo, na huko nyuma hakunifurahishi, kwa sababu mwenye makosa ni mimi.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu alitaka kila buletini, ile karatasi ya alama za masomo, irudi shuleni na sahihi ya mzazi. Baba alikuwa dereva wa lori na siku hizo alikuwa safarini, kwa hiyo ilibaki kazi ya mama, na mama hakujua kusoma. Jirani alivunja bomba la kalamu ya bic, mama akapaka wino kwenye kidole gumba, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu na heshima zote, kama alivyofanya kila alipotakiwa sahihi, iwe kwa chifu au hospitalini. Lakini hakuna aliyemwonyesha mahali. Kidole kilitua juu, palepale jina langu lilipoandikwa. Mwalimu aliinua ile buletini mbele ya darasa na kuuliza ni ya nani, maana mwenyewe amefutika. Tangu siku hiyo mpaka mwaka ukaisha niliitwa Mtoto wa Kidole.

Nilifika nyumbani nimevimba. Nilimtupia mama ile karatasi miguuni, nikapiga kelele, "Umefuta jina yangu!" Hakunichapa, ingawa nilistahili fimbo mbili nzuri. Aliiokota, akaitazama muda mrefu, akaigeuza upande huu na ule, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Iko wapi?"

Nikakataa kumwonyesha. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona kunyamaza ni ushindi. Leo nikilikumbuka jambo hilo bado naona haya.

Wiki iliyofuata mama alikwenda kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na hakurudi tena kwenye wino. Mahali popote anapotakiwa kusaini, anaandika jina lake, polepole, herufi kwa herufi. Wakimwambia, "Mama, weka kidole tu, tufanye haraka," anawajibu wangoje. Nimewahi kuona foleni nzima imesimama nyuma yake, watu wanaguna na kupiga miayo, na mimi pembeni nimejaa fahari mpaka natamani kuwauzia tiketi.

Kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana. Lakini kumwelewa mama hakufungui daftari. Zilibaki wiki mbili kufikia sherehe ya kutoa brevet, yaani vyeti vya kumaliza, na wanawake kumi na mmoja wa darasa lake walikuwa wamemaliza kozi. Mwalimu asiyefunga daftari lake kwenye mtandao, darasa lake halichapishiwi brevet. Wanawake kumi na mmoja wangekaa kwenye benchi kanisani wakiwapigia makofi wenzao wa Kalunguta. Yule mama wa kwaya alikuwa ameshashonesha nguo ya siku hiyo.

Nikajaribu kumweleza.

"Mama, mot de passe ni kitu unajua kichwani. Mutu mwingine akiijua, anaingia. Si uliona na mama wa kwaya? Lakini hii clé siyo neno. Inakaa ndani ya simu yako, haitoke. Beni inauliza simu, simu inakuuliza weye, ikikutambua inajibu Beni: ni yeye, mufungulie. Hakuna kitu ya kuandika, donc hakuna kitu ya kuiba."

"Na simu itanitambua na nini?"

"Na kidole."

"Donc bananirudisha kwa kidole." Alichukua maharagwe mengine, akayatupa kwenye sufuria moja moja. "Ofisi ya kufundisha bamama kuandika njo inatuambia tuache kuandika. Weye uliyesoma, unaona hapo akili?"

Sikuona akili. Nilichoona ni siku zinakwenda, na hasira yangu, ambayo haijawahi kungoja kualikwa, ikaingia.

"Mama, utakosesha bamama kumi na moja brevet juu ya kidole moja!"

Aliisukuma sufuria kando. Kisha akanyoosha mkono, akageuza uso akatazama paa la jiko, kama mtu anayengoja sindano.

"Lete," alisema.

Niliitoa simu chini ya lungo, nikaiwasha, nikafungua mahali pa kusajili alama ya kidole, nikakiweka kidole gumba cha mama juu ya kile kitufe. Simu ikasema tujaribu tena. Tukajaribu tena. Nikakipangusa kidole kwa kanga yangu. Nikakiosha. Nikakikausha, nikakipaka mafuta, nikayafuta mafuta. Nikahamia kidole cha pili, cha tatu, mkono wa kushoto. Simu ilitafuta mistari kwenye vidole vile na haikuona kitu. Jembe, maji baridi ya asubuhi, sabuni na maganda makavu ya maharagwe vilikuwa vimeifuta yote, zamani, bila haraka. Vidole vya mama yangu ni laini kama kijiko.

"Inasema nini?" mama aliuliza, bado anatazama paa.

"Inasema haioni kidole."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Aligeuka polepole. Nikaona jambo linamwingia, kwanza machoni, kisha mdomoni, kisha mabegani. Akasimama, akapiga kigelegele ambacho naamini kilisikika mpaka sokoni.

"Hata simu inakatala! Simu yenyewe inasema mi siko mutu ya kidole!"

Akalizunguka lungo akicheza. Majirani wawili walikuja mbio kuuliza kama kuna mtoto amechumbiwa, wakaambiwa hapana, simu imekataa kidole cha Mwalimu, nao bila kuelewa lolote wakapiga vigelegele pia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda. Katika sekretariati yangu nimeona watu wengi wakikataliwa na mashine. Wengine hutukana, wengine huomba Mungu. Sijamwona mwingine aliyeshukuru.

Tulipomaliza kucheka, daftari lilikuwa bado limefungwa.

Nikarudi kwenye simu, nikapekua kwa utulivu zaidi, na hapo nikaona jambo ambalo katibu wetu mpole hakulisema, labda kwa sababu hakulijua. Ule ufunguo hauhitaji kidole. Unachohitaji ni kwamba simu imtambue mwenyewe kwa njia yoyote anayoifungulia kila siku: alama ya kidole, au uso, au nambari, au ule mchoro wa vitone tisa ambao mtu anapitisha kidole kutoka kitone hadi kitone bila kukiinua.

"Mama, angalia hapa. Hii haitaki alama ya kidole. Inataka uchore kitu kupitia hivi vitone. Unaweza kuchora hata herufi."

Aliinama akavitazama vile vitone.

"Kuchora herufi ni kuandika."

"Njo vile."

"Na kidole?"

"Na kidole, mais kidole inaandika."

Alilitafuna neno hilo kidogo. "Kidole inaandika," akarudia. "Sasa hapo tunasikilizana."

"Ila sharti moja, mama. Usitie jina yako tena. Bote banaijua."

"Nimesikia. Geuka."

Nikageukia ukuta wa jiko, uso kwa uso na kuku aliyekuwa akitaga. Nyuma yangu nilisikia mama akipumua kwa nguvu kama anapopandisha gunia. Aliposema imekubali, nikamwandikia jina lake penye neno la siri kwa mara ya mwisho, ukurasa ukauliza kama anataka ufunguo, simu ikamtaka athibitishe, nami nikaambiwa nigeuke tena. Yule kuku alinizoea. Basi, ufunguo ukakaa ndani ya simu.

Najua fundi akisoma hapa atasema herufi moja ni kufuli dogo. Ni kweli. Lakini mtu akitaka kuitumia lazima kwanza awe na simu yenyewe mkononi, na simu ya mama hukaa kifuani, ndani ya nguo. Mwizi wa kuifuata huko, kwa Musienene, bado hajazaliwa.

Sasa ilibaki kufunga daftari, na ukurasa wa kufunga mwaka haukukubali kufunguka kwenye simu ndogo ya mama. Ulitaka kompyuta ya ofisi ya Beni, hata zangu mbili zisingefaa. Nikampigia katibu, naye akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Sisi tumezoea kutumiana kila kitu. Neno la siri dada anamtumia kaka, kaka anamtumia shemeji, na kabla ya jioni limeshafika Beni na kurudi. Katibu aliufungua ukurasa kwenye kompyuta yake, ukatoa ule mraba wa vidoti vyeusi, akaupiga picha, akanitumia kwenye simu yangu. "Mama aiangalie na simu yake, huku itafunguka," alisema. Nami, mwenye sekretariati, mwenye kompyuta mbili, nikakubali! Nikashika simu yangu mbele ya simu ya mama, mraba ukasomwa vizuri, simu ikatafuta, ikatafuta, kisha ikasema kile kifaa kingine hakiko karibu.

Tulirudia mara nne kabla sijakumbuka. Mtu akitaka kutumia ufunguo wa simu kwenye kompyuta, simu na kompyuta lazima ziwe chumba kimoja, zisikiane kwa bluetooth. Hivyo ndivyo mwizi aliye mbali anavyozuiwa. Na sisi tulikuwa mbali kama mwizi.

Nilimweleza mama nikiwa nimeshajiandaa kwa malalamiko. Alifurahi.

"Donc inataka tuonane."

"Ndiyo."

"Hiyo iko na adabu kuliko mot de passe. Mutu anakuja mwenyewe, anasalimia, njo anaingia. Kesho twende Beni."

Asubuhi tulipanda pikipiki moja mpaka Butembo, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimekumbatia mfuko wa viazi. Mama haendi kwa mtu mikono mitupu.

"Kompyuta haikulake viazi, mama," nilimwambia sikioni.

"Mwenye kompyuta anakula."

Butembo tukachukua gari. Mama alikuwa amevaa sweta la baridi ya Musienene, na tulipoipita Kalunguta tukazidi kuteremka, joto likaanza kutupokea. Hakulivua. Alisema kwenye ofisi mtu anaingia na nguo zake zote.

Ukumbi wa ofisi ulikuwa umejaa walimu, wanawake wa rika la mama, wengine wa Kalunguta, wengine wa mjini Beni, wawili kati yao Waislamu wenye mitandio mizuri ya kijani, ambao waume zao ni wachuuzi. Katibu alikuwa amesimama kati yao na beseni la maji, taulo na kopo la mafuta ya kujipaka, jasho linamtiririka. Kumbe Beni nzima ilikuwa imepatwa na yetu. Wanawake walikuwa wakiosha vidole, wakikausha, wakivisugua kwenye vitenge, wakiviweka kwenye simu, na simu zinakataa. Mmoja alikuwa akikipulizia kidole chake kama chai ya moto. Jembe la Kalunguta halina tofauti na la Musienene, na wale wa mjini walikuwa wamefua nguo maisha yao yote.

"Bamama, pole, tujaribu tena," katibu alikuwa akisema. "Tujaribu cha kati."

Mama alimpa mkono, akampa viazi, akamwuliza habari za nyumbani. Katibu akasema kweli mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa uso wake haukuonyesha kupona. Kisha mama akasogea mbele ya kompyuta, akaitazama juu mpaka chini.

"Mi na weye hatuyaonana," aliiambia. "Mwavukire."

Katibu aliandika jina la mama, mraba ukatokea. Mama akatoa simu kifuani, akailenga, simu ikapiga kelele ndogo, vile vitone tisa vikaja. Mama akageuka akatutazama sote.

"Mugeuke."

Ungeona! Walimu wote wakageukia ukuta, na katibu naye, beseni mkononi, akageuka. Chumba kizima kikawa kama darasa lililoadhibiwa. Mimi pia niligeuka, lakini mimi ni mtoto mbaya, tangu darasa la nne. Nikachungulia juu ya bega.

Niliona kidole cha mama kikianzia chini. Wote tuliosoma shuleni herufi hiyo tunaianzia juu, ndivyo tulivyofundishwa. Mama yangu peke yake huanzia chini akapanda nayo. Alikuwa akiichora hivyo kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko wakati anajifunza, ukuta mzima, safu kwa safu, nami nikipita namsahihisha kwa majivuno. Nikaona inapanda, inateremka. Nikageuza uso upesi, kwa sababu macho yalianza kuniwasha na sikutaka mtu aone.

"Imefunguka," mama alisema.

Majina ya wanafunzi wake kumi na mmoja yalikuwa pale kwenye kioo. Hakuna aliyemwomba ayasome. Aliyasoma yote kwa sauti, moja moja, kidole kikifuata chini ya kila jina bila kuligusa. La mama wa kwaya alilisoma mara mbili. Kisha akabonyeza mahali pa kufunga mwaka, mashine ikaguruma, orodha ikatoka, na mimi nikapiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu.

"Mwalimu, umefanya aje?" mmoja wa wale wenye mitandio aliuliza. "Simu yako inaona kidole?"

"Haione. Mi naandika."

Akavuta kiti, akawaita karibu, akaanza kufundisha. Vitone hivi tisa. Usiinue kidole. Chagua herufi unayoipenda, mais hapana ile ya jina yako, bote banaijua. Mwenzako akichora, geuka. Kila aliyefaulu alishangiliwa, na beseni la maji likasahaulika chini ya meza. Katibu alisimama kando, akanisemesha taratibu.

"Mi sikujua iko njia ingine."

Mama alimsikia. "Bwana katibu," alisema kwa upole, "ulituambia ni kidole tu. Ungetuambia tuchague, tungekuja mbio."

Tulitoka pale jua limeinama kidogo, orodha ikiwa ndani ya bahasha na bahasha ndani ya sweta. Garini mama alikaa dirishani, mimi kando yake. Nilijikaza mpaka Kalunguta. Zaidi ya hapo sikuweza.

"Mama, nilichungulia."

"Najua. Weye ni mutoto ya kuchungulia."

"Ile herufi siyo ya jina yako."

"Si ulisema nisitie yangu?" Alitabasamu akitazama migomba inayopita. "Nilitia yako."

Nikamwambia angeweza kuchagua yoyote, ziko nyingi. Akatikisa kichwa.

"Ile njo ya kwanza nilijifunza. Ile siku ya buletini nilikuuliza iko wapi, ukakatala. Donc nilienda kuuliza kanisani. Bamama bote balianza na herufi ya jina yabo. Mi nikamwambia mwalimu: mi nataka kwanza ya mutoto yangu. Nijue jina yake inaanzia wapi, siku ingine nisiweke kidole juu yake."

Alilisema hivyohivyo, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi, kisha akanyoosha sweta lake. Miaka yote hiyo niliamini alikwenda kujifunza kwa sababu nilimwaibisha. Nililia na kucheka kwa pamoja, kwa sauti, mpaka abiria wa mbele wakageuka na dereva akanitazama kwenye kioo chake.

"Mama," dereva aliuliza, "huyu dada iko na shida gani?"

"Haiko kitu," mama alimjibu. "Iko anajifunza kusoma."